Godoro la Mkwe

Jumapili, Novemba. Mitunguu.

Asubuhi mvua ilipiga kidogo ikakata, na sasa jua limetoka na joto letu la huku chini limerudi kama kawaida. Nimekaa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, simu mkononi. Ndani Wawira, mke wangu, amelala na mtoto. Kila mtu ameniambia nipumzike. Nimejaribu, na sijui wengine hupumzika vipi.

Ijumaa tulimzika mama mkwe.

Naandika kwa sababu kuna mambo siwezi kumwambia mtu uso kwa uso. Pengine pia kwa sababu ya ile makala yangu ya mwaka jana, humu kwenye shajara yangu ya mtandaoni, nilipoeleza jinsi nesi anavyoweza kulipwa vizuri bila kupanda ndege. Hadi leo hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote hapa, na vijana bado wananiandikia wakiuliza nilianzaje. Asubuhi hii nimeirudia. Nilijisifu sana mle ndani, mpaka nimeona aibu.

Basi shajara, leo nakuandikia nilichokiacha.

Mimi ni nesi wa kitandani. Nilikuwa wodini, upande wa wanaume, kabla ya familia moja ya Meru mjini kunichukua nimtunze baba yao nyumbani kwake. Mzee alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Sasa hawezi kusimama wala kujigeuza. Wanawe wako ng'ambo, na wanalipa kama watu walioko ng'ambo. Kazi yangu ni kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kumpaka mafuta, kumpima presha, kumsomea gazeti, na kumsikiliza akigombana na watu waliokufa zamani. Wikendi kuna mwenzangu anayenipokea. Mshahara wangu unapita wa mwalimu mkuu wa shule niliyosoma, na najua hivyo kwa sababu mwalimu mwenyewe aliniuliza, nikamwambia, akakasirika.

Mgongo wa mzee ni safi. Miaka yote hii ya kulala, hana kidonda hata kimoja. Wanawe wakija likizo humfunua shuka na kuangalia, kisha wananishika mkono kwa mikono miwili.

Mwanzoni nilichekwa. Mwanamume mzima wa huku kwetu Imenti, kazi yake kuosha wazee! Niliokua nao waliniita sista. Nilipokwenda Mbeere kuposa, mashemeji waliangaliana, na Njiru, kaka mkubwa wa Wawira, akauliza kama kazi hiyo ina marupurupu au ni sabuni tu. Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, maana nilikuwa namtaka dada yao.

Aliyenitetea ni mama yao. Igoki ndilo jina lake. Alikuwa mjane, mwembamba, mkulima wa ndengu, na sauti yake ilikuwa ikisikika kwa jirani wa pili. Aliwaambia wanawe kwamba mwanamume anayeweza kumwosha mgeni hawezi kumwacha binti yake alale njaa. Hakuniambia mimi. Aliwaambia wao, nami nikasikia nikiwa uani. Tulizungumza hivyo miaka yote, mimi na yeye, kupitia mtu wa tatu.

Kule kwao, kwenye nchi kavu ya Mbeere, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hamkai mkatazamana, hamtaniani, mkikutana njiani unampisha. Chumba chake cha kulala hukioni hata kwa bahati mbaya. Kwetu Meru pia desturi hiyo iko, ila kwao imekazwa zaidi. Ni watu wa kanisa, wanaomba kabla ya chai na baada ya chai, lakini hilo kanisa limelipita pembeni. Nami sikuwahi kulalamika. Nilimpenda yule mama, na kumpisha njiani ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumwambia.

Kisha pesa zikaja. Nilimaliza mahari mapema kuliko walivyotarajia. Nikabadilisha mabati ya nyumba yake, nikamwekea tangi la maji, nikavuta stima. Njiru yule yule wa sabuni akawa ndiye wa kwanza kunitangaza sokoni. "Mkwe wetu analipwa kama mbunge," aliwaambia watu, na mimi nikijifanya sijasikia.

Na kadiri nilivyoleta ndivyo nilivyopandishwa. Kwanza nilikalishwa kwenye benchi na vijana. Halafu nikapewa kiti cha mbao. Halafu sofa, ile yenye kitambaa kilichofumwa maua, iliyo karibu na mlango wa nje na mbali kabisa na pazia la chumba cha mama. Niliipenda ile sofa. Sikufikiria hata siku moja kwamba kila nyongeza ya mshahara ilikuwa ikinisogeza mbali na lile pazia.

Mwezi wa sita mama alianguka uani akipura ndengu. Kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa na mdomo ukapinda. Hospitali walimtibu, gharama nikazibeba, na alipopata nafuu kidogo akarudishwa nyumbani kutunzwa.

Wawira alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, na mimba hiyo ilikuwa ikitishia kutoka. Daktari alimwambia alale, asisafiri, asiinue hata ndoo. Alizungumza na mama yake kwa simu tu. Mama akamwambia kwa ulimi mzito, niko sawa, wewe tunza tumbo.

Kwa hivyo macho ya nyumba hii yakawa ni mimi. Na kwa nini nisiwe mimi? Ndiyo kazi ninayolipwa. Kila Jumamosi niliendesha gari hadi Mbeere, nimebeba pampasi, maziwa, dawa na mafuta ya kupaka ngozi. Nilipokelewa vizuri, nikakalishwa kwenye sofa, nikaletewa chai.

Nilimnunulia godoro la hewa. Ni godoro lenye mota ndogo. Linajaa upande huu na kupungua upande ule, polepole, ili mwili wa mtu asiyeweza kujigeuza usikandamizwe mahali pamoja mpaka ngozi ife. Ni aina ile ile anayolalia mzee wa Meru. Bei yake ilimfanya Njiru apige mluzi. Nililitandaza sebuleni, nikaliwasha, nikawaonyesha yeye na mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza mama. Watoto wa jirani walikuja kulitazama likipumua. Kisha nikalikunja, nikalirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, na mke wa Njiru akaingia nalo nyuma ya pazia. Mimi sikuweza kulifuata.

Jumamosi iliyofuata nikauliza, "Godoro je?"

"Liko sawa kabisa, Baba Kendi," Njiru akasema. Kendi ni binti yetu wa kwanza.

"Na mama?"

"Ako tu poa. Anaendelea."

Niliuliza hivyo kila Jumamosi na kujibiwa hivyo kila Jumamosi. Wodini singekubali jibu kama hilo. Wodini ningemwambia mtu, funua nione, ngozi ya makalio imebadilika rangi au haijabadilika? Lakini nitamwuliza vipi shemeji yangu makalio ya mama yake, na mimi nimeshika kikombe? Nilichoweza kusema ni kumwambia mke wa Njiru amgeuze mara kwa mara na kumwangalia mgongo. Alitazama chini kwa aibu, akasema sawa, akakimbilia jikoni.

Niliwahi kufikiria kumpeleka mwenzangu wa kike aliyesomea kazi hii. Njiru aliposikia akauliza kama nataka kijiji kiseme nyumba nzima imeshindwa na mgonjwa mmoja. Nikaona nimemvunjia heshima. Nikaacha.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Septemba, kwa upasuaji. Msichana. Kwa desturi yetu na yao, wa kwanza alichukua jina la mama yangu, na huyu wa pili akachukua la mama yake Wawira. Igoki. Wawira alikuwa na mshono, hawezi kuinama, kwa hivyo tangu siku ya kwanza mimi ndiye ninayemwosha Igoki mdogo.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, nilikaa kwenye sofa yangu kama kawaida. Njiru alikuwa akilalamikia bei ya muguka, yale majani ya kutafuna. Upepo ulivuma kutoka dirisha la nyuma, pazia likainuka kidogo, na harufu ikanifikia.

Naijua harufu hiyo. Nesi yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini anaijua, na hawezi kuichanganya na nyingine. Ni ya kidonda cha kulalia kilichokwenda ndani.

Nilimaliza chai.

Nakuandikia kama ilivyokuwa, shajara. Nilisikia nyama ya mtu ikioza nyuma ya kitambaa chembamba, mtu niliyempenda, na mimi nikamaliza chai, nikauliza godoro, nikaambiwa liko sawa kabisa, nikaaga. Nilifika njia panda, mikono ikakataa usukani. Nikasimamisha gari kando, nikampigia Wawira.

"Mama ana kidonda," nikamwambia.

"Umekiona?"

"Nimesikia harufu. Siwezi kukiona, unajua."

"Rudi uingie."

"Wawira."

Alijua. Nilisikia mtoto akinyonya, kisha nikamsikia yeye akilia bila sauti, ile pumzi inayokatika. Halafu akasema, "Njoo unichukue."

Kesho yake, Jumapili, tulishuka naye Mbeere, mshono ukiwa bado unamuuma kwa kila shimo la barabara, Igoki mapajani. Alinipa mtoto mlangoni akapita moja kwa moja nyuma ya pazia. Mimi nilikaa. Hata siku hiyo nilikaa kwenye sofa, mwili ulijipeleka wenyewe. Nikamsikia akiita, "Maitu!" yaani mama, mara moja tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku alipozaa.

Alipotoka alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Baba Kendi, godoro liko nyuma ya mlango wa chumba."

Lilikuwa nyuma ya mlango, ndani ya plastiki, na mota yake, limefunikwa leso safi. Halikuwa limetandikwa hata siku moja. Mama alilikataa tangu lilipoingia. Aliwauliza wanawe kama wana akili, kitu cha bei namna ile, kilichonunuliwa na mkwe, alale juu yake uchi akikojolee? Mkwe akija kusikia atamtazama vipi? Njiru aliona mama ana haki. Mkewe pia. Na wallahi, ningekuwa Njiru ningeona vivyo hivyo. Walikubaliana kulitunza. Kila Jumamosi asubuhi mke wa Njiru alilipangusa vumbi kabla sijafika.

Hakuna aliyenidanganya. Godoro lilikuwa sawa kabisa.

Ilibidi kidonda kisafishwe na kufungwa kabla ya kumpeleka hospitali, kwa maana katika hali ile asingestahimili hata ile barabara ya vumbi ya kufika kwenye lami. Nilileta vifaa kutoka kwenye gari, nikavipitisha chini ya pazia. Wawira hakuweza kuinua kwa sababu ya mshono. Mke wa Njiru ana nguvu, lakini hakujua pa kushika. Njiru ni mwana, naye haruhusiwi kuona uchi wa mama yake, sawa na mimi au hata kunizidi. Nikazunguka nje hadi dirisha la chumba. Nikasimama na mgongo ukutani, uso kwenye boma la mbuzi, nikaanza kuwaelekeza kwa sauti.

Mshikeni bega na nyonga. Msimvute, mzungusheni. Kunjeni goti kwanza. Hapana, goti la upande mzima.

Mama alilia. Si kilio cha mtu mzima. Niliwaambia wapumzike, wajaribu tena, akalia tena. Mikono yangu ilikuwa inakwenda yenyewe hewani, inamgeuza mtu asiyekuwepo. Njiru alisimama karibu na mbuzi akinitazama, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Ndipo nilipoona upumbavu wa mambo. Kuna mzee mjini analipiwa pesa nyingi ili mikono hii imguse, na aliyenitetea nikiwa si kitu analia umbali wa tofali moja, nami namtolea hotuba.

Mtoto, niliyekuwa nimemlaza kwenye sofa, akaanza kulia. Nikamsikia Wawira akienda kumchukua, kisha akiwa hana pa kumweka, akamlaza kitandani kando ya mama. Mtoto akanyamaza. Mama naye akanyamaza.

Halafu ile sauti iliyokuwa ikifika kwa jirani, sasa nzito na ya upande mmoja, ikauliza kwa Kimbeere huyu ni nani.

"Ni Igoki, maitu," Wawira akasema. "Ni wewe."

"Na wewe umepasuliwa. Nani anamwosha?"

"Baba yake."

Mbuzi mmoja alikohoa. Mabati yakagonga kidogo kwa upepo, yale yale niliyoyanunua.

"Basi mwite baba yangu," mama akasema. "Aje aoshe Igoki."

Kwao mtoto akichukua jina lako, amekuwa wewe. Wawira humwita yule mtoto mama, na si utani. Na kama Igoki ni mwanangu, basi Igoki ni mwanangu. Sikuwahi kulifikiria. Yeye alilifikiria akiwa amelala na maumivu yale, akatafuta mahali penye mlango, akaupata.

Nilisikia kila neno kwa masikio yangu, lakini nilisubiri. Wawira akaja dirishani. "Baba Kendi, umeitwa." Nikazunguka, nikaingia.

Chumba kilikuwa kidogo. Magunia mawili ya mbegu, kalenda ya kanisa, na ukutani picha ya harusi yetu, ambayo sikujua kama anayo. Mama alikuwa amegeuzia uso upande wa mtoto na kujifunika kichwa kwa leso. Nilivaa glavu. Kila mgonjwa ninamwambia ninachofanya kabla sijakifanya, ni mazoea ya kazi, na kabla sijajua nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mama, nitakugeuza sasa. Kisha nitaosha mgongo kwa maji ya uvuguvugu."

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake bila mtu katikati.

"Haya, baba," akasema.

Nikamgeuza. Hakulia. Wawira anasema ilichukua muda wa kupumua mara moja tu. Nilipomaliza kumlaza ubavu, nikisikia uzito wake umetulia mikononi, mama alisema chini ya leso, polepole, kana kwamba anamwambia mtoto.

"Kumbe ni hivi tu."

Kidonda sitakieleza. Nilikitazama nikajua tumechelewa. Nilikiosha, nikakifunga, nikampaka mafuta mabega na visigino, nikamvalisha gauni. Kisha nikaenda kumwaga maji nyuma ya choo.

Hospitali alikaa majuma mawili na siku chache. Niliomba ruhusa kazini, wale wana wa mzee wakanipa bila kuuliza, Mungu awabariki. Asubuhi manesi wa wodi walimhudumia wao. Jioni walikuwa wananiachia mimi, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anawauliza baba yake ameshafika. Mmoja wao alidhani akili imeanza kuruka, akataka kuandika kwenye faili. Nikamweleza.

Jioni zile tulizungumza mambo ya miaka yote. Aliniambia kwamba siku ile ya kuposa viatu vyangu vilikuwa vya kuazima, alijua kwa jinsi nilivyotembea. Kweli vilikuwa vya kuazima. Aliuliza mzee wa Meru anakula nini, ana wake wangapi, kwa nini wanawe hawamgeuzi wenyewe. Nikasema wako mbali.

"Mbali wapi?"

"Ng'ambo, mama."

Akafikiri. "Hata wewe ulikuwa sebuleni tu," akasema, na macho yake yalikuwa yakicheka, upande ule uliobaki mzima. Nilicheka naye mpaka nikatoka nje kujifuta.

Siku nyingine maji yalikuwa ya moto kidogo, akanikemea. Akasema kule unalipwa na bado hujui maji? Hapa utalipwa ndengu, na ndengu zenyewe hazijapurwa zote. Halafu akasema mkono wangu si mzito, sasa ameelewa kwa nini wale watu wanatoa pesa.

Ugonjwa uliingia kwenye damu. Alikwenda alfajiri moja, kabla sijafika. Nilifika na beseni jipya, la bluu, kwa sababu lile la wodi alikuwa analilalamikia.

Kwenye mazishi mshereheshaji aliniita nisimame. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba jeneza, chakula na gari la maiti vyote vimelipwa na mkwe, na kwamba familia nyingi zinaomba zipate mkwe wa namna hii, nesi mwenye pato lake na moyo wake. Watu walipiga makofi. Nilisimama pale na suti yangu, nikapigiwa makofi. Sijui kama kuna dakika nyingine nitakayoichukia kama ile.

Baadaye, watu wakila, mzee mmoja wa ukoo, mjomba wake Wawira, alikuja kukaa karibu nami. Alikuwa amesikia habari za dirisha. Alitafuna polepole, akasema, "Ungetuuliza sisi wazee, mkwe. Tungekaa, tuone njia. Hatujawahi kukataa mtu atibiwe." Hakusema kwa ubaya. Alinimegea nyama kwenye sahani yake, akainuka.

Sikuwauliza. Ndilo jambo lenyewe ambalo nilitaka kuliandika, na limenichukua mchana kutwa kulifikia. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na gari, nilikuwa na elimu ya ngozi na ya damu, na nilikuwa na Jumamosi zote zile. Niliona afadhali kununua. Kununua hakuna aibu.

Tulipokuwa tunaondoka Njiru alitoka ndani na godoro begani. Plastiki yake ilikuwa inang'aa, amelipangusa tena. Alilifunga juu ya gari kwa kamba, akavuta kamba mara kadhaa kuhakikisha.

"Chukua, Baba Kendi," akasema. "Halijaguswa hata kidogo."

Alitaka nijue kwamba hawakuharibu kitu changu. Nikamshukuru. Tulishikana mikono muda mrefu, yeye akilia, mimi nikilia, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

Sasa liko hapa, kwenye ukumbi wetu, limeegemea ukuta. Wawira hupita akiangalia upande mwingine. Nilifikiria kuliuza, nikaona siwezi. Kuna bibi mmoja karibu na mfereji wa maji, hajainuka kitandani tangu Pasaka. Nikiuliza habari zake watu wa pale husema yuko sawa. Jumamosi nitalipeleka. Nitaichana ile plastiki mbele yao, nitalala juu yake mimi kwanza na nguo zangu, wacheke wakitaka. Kisha nitaomba kuingia. Wakisema anaendelea vizuri, nitaomba kuingia. Na kama kuna desturi inayonizuia, nitawaomba wazee wa nyumba wakae waniambie mlango uko wapi.

Kesho narudi kwa mzee. Mwanawe mkubwa alinipigia simu kunipa pole, akasema wamezungumza huko na wameniongezea mshahara kwa sababu baba hamtaki nesi mwingine. Nikasema asante. Kwa nyinyi vijana mnaoniandikia: ndiyo, kazi hii inalipa vizuri sana. Leo sina kingine cha kuwaambia kuhusu hilo.

Igoki ameamka. Namsikia. Wawira anajaribu kumtuliza, lakini ni saa yake ya kuoshwa, na mtoto huyu hapendi kucheleweshwa, ni mtu wa sauti kama mwenye jina. Beseni la bluu liko tayari. Nitapima maji kwa kiwiko, nitamwambia ninachofanya kabla sijakifanya, nitamgeuza, nitamtazama mgongo wote hadi chini. Hana kitu. Ni mtoto mchanga, ngozi yake ni nzima. Nitatazama tu.

Naingia ndani. Sitangoja kuitwa.